Tairi Linalouma na Kutema

Siku hizi kijana akipata trekta, kabla hajalipeleka shambani analipiga picha. Trekta limesimama pembeni ya lami hapa Mpanda, yeye kaegemea tairi la nyuma, miwani usoni. Halafu ananitumia picha hiyo kwenye simu na kuniuliza: "Mzee, matairi haya yatapanda mlima?" Namjibu kwamba picha imetoka vizuri. Anafurahi, anadhani nimesifu matairi.

Nyie wenye picha hizo ndio nawaandikia. Shule niliiacha darasa la tano, na wala hakukuwa na shida yoyote ya kusikitisha. Lilipita lori, nikataka kujua linakwenda wapi. Lilikuwa linakwenda Karema kuchukua dagaa. Nilikaa Karema mpaka nikachoka kunuka. Nikaenda machimboni, nikachoka kuvuta vumbi la dhahabu ya watu wengine. Nikawa utingo kwenye malori ya tumbaku. Kazi zote hizo niliziacha mwenyewe, na hakuna iliyonililia. Nilipofika kwenye matairi ya trekta nikakuta kitu ambacho kila udongo unakijibu tofauti, na mimi mtu wa kuuliza maswali nikanasa hapo mpaka mgongo ulipokataa. Sasa nimestaafu, ikiwa kustaafu ni kukaa Kasokola na mahindi na kuku huku watu wakikupigia simu za ushauri wa bure.

Aliyenifundisha ni Mzee Athumani, fundi mwenye gereji ya mabati karibu na stesheni ya reli. Hakuwa mtu wa maneno. Ukimletea tairi alikuwa anabonyeza mpira kwa ukucha wa dole gumba, ananusa, kisha anaingiza mkono wote ndani kama daktari wa ng'ombe, anapapasa viraka. Mwenye tairi anasimama pale kimya, jasho linamtoka, utadhani anasubiri kuambiwa mimba ni ya nani. Mzee akimaliza anasema neno moja: "Linafaa," au "Bembea." Bembea maana yake likawafae watoto.

Siku moja nilimuuliza: "Mzee, tairi zuri la tope ni lipi?"

"Linalouma na kutema."

"Kuuma naelewa. Kutema nini?"

"Wewe ukila nyama na mfupa usiuteme, utakula tonge la pili?"

Basi, somo likaisha. Ilinichukua masika nzima kulielewa. Zile kashata, yaani vile vipande vya mpira vilivyonyanyuka juu ya tairi, ndizo meno. Kila mtu anapima urefu wa meno. Wachache wanaangalia nafasi kati ya jino na jino. Nafasi ikiwa finyu, udongo wa mfinyanzi unaingia pale na hautoki, na baada ya mizunguko michache tairi limevaa soksi ya tope. Ulilipia meno, sasa una kipara. Tairi la kulimia linatakiwa likizunguka lirushe lile tope nyuma, lije na meno safi kwenye tonge linalofuata. Ukimwona dereva analalamika kwamba trekta linamrushia matope, mpe pole, halafu mpe hongera.

Jambo jingine dogo. Ukisimama nyuma ya trekta, kashata zinatakiwa zikae kama paa la nyumba, ncha juu. Ukiona zimekaa kama bakuli, tairi limefungwa kinyume. Kule kijiji cha Mamba kulikuwa na dereva aliyefunga yake mwenyewe bila kuuliza, akayafunga kinyume yote mawili. Kwenye majaruba ya mpunga trekta lake likikwama mbele, linatoka kwa gia ya nyuma bila wasiwasi. Badala ya kujiuliza, akaanza kujisifu kwamba ana trekta la kipekee nchini. Msimu mzima alikuwa anarudi nyumbani kinyumenyume, anawapungia watu mkono.

Lakini nilitaka kuwasimulia juu ya trekta la Mama Kabula, maana hilo ndilo lililonifundisha kwamba tairi halichaguliwi dukani peke yake.

Mama Kabula alikuwa mjane wa Kisukuma, anaishi upande wa Kasansa. Mumewe alimwachia binti mdogo, ng'ombe, na shamba lenye tabia mbili: chini ni mbuga nyeusi ya mpunga, juu ni mteremko wa udongo mwekundu unaopanda kuelekea milima ya Ufipa. Ule mteremko ukilowa, hata mbuzi anaufikiria kwanza. Sasa huyu mama akafanya jambo ambalo lilitikisa ukoo kuliko msiba wenyewe. Aliuza ng'ombe akanunua trekta kuukuu.

Shemeji yake, Masanja, mkubwa wa ukoo, aliitisha kikao. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo, na mimi nilikuwepo kwa sababu nilikuwa nimeajiriwa kuendesha hilo trekta na nilikuwa sijapewa chakula bado.

"Shemeji," Masanja alisema kwa upole wa mtu aliyekwishaamua, "ng'ombe analala, asubuhi wako wawili. Hiki chuma chako tumekilaza hapa wiki nzima. Kimezaa nini?"

"Kimezaa maneno," akajibu Mama Kabula.

Wazee wakacheka, Masanja hakucheka. Kikao kikakata shauri hivi: mvua za kwanza zikianguka na ule mteremko ukalimwa wote kwa trekta, ukapandwa kwa wakati, hakuna atakayesema tena. Likishindwa, linauzwa, ng'ombe wanarudi zizini, na Mama Kabula na mtoto wanahamia kwenye boma la Masanja, akatunzwe. Alipotamka hilo la kutunzwa, wake wawili wa Masanja waliokuwa wamekaa pembeni walitazamana kwa namna ambayo ilinifanya nimwonee huruma kila mtu.

Matairi ya nyuma yaliyokuja na trekta yalikuwa bembea matupu. Tukaenda Mpanda kununua mengine, yeye, mimi, na Masanja aliyesema anatusindikiza tu.

Dukani kulikuwa na muuzaji kijana anayeita kila mteja bosi. Akatuonyesha jozi tatu. Ya kwanza mpya, nyeusi, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi, ila kashata zake fupi na zimebanana. Hayo ni matairi ya mitambo ya barabarani, yanafaa lami na kokoto. Ya pili ilikuwa na kashata ndefu kama kidole changu cha kati, zimesimama mbalimbali, matairi yaliyotengenezwa kwa majaruba. Ya tatu ilikuwa matairi ya kawaida ya shamba, mapana, yametumika nusu, yana vumbi, na popo alikuwa ameyanyea.

Masanja akaenda moja kwa moja kwenye meno marefu. "Chukua haya, shemeji. Haya yanang'ata mpaka jiwe."

"Mzee unajua vitu!" akasema muuzaji. "Bosi, haya hayakwami. Yakikwama nirudishie."

"Nitakurudishia nikiwa nimekwama?" akauliza Mama Kabula.

Mimi nikabonyeza, nikanusa, nikaingiza mkono. Nikawaambia nilivyoona. Yale meno marefu mbugani ni mfalme, yanazama mpaka yanapata sakafu. Lakini mlimani, chini ya utelezi mwembamba kuna udongo mgumu. Meno marefu yanasimama juu yake kama bibi harusi aliyevaa viatu virefu kwenye ngazi. Yakiteleza yanachimba, yakichimba trekta linakaa, na njia nzima ya kutoka Mpanda yatakuwa yamekwishaisha na kukutikisa figo. Mapya yenye kung'aa, nafasi finyu, yatavaa soksi kabla ya saa nne. Yaliyobaki ni yale ya popo. Mapana, yanakanyaga eneo kubwa, kashata zimebaki za kutosha, nafasi zake wazi, na yote mawili yamelika sawasawa. Hilo la kulika sawa mlikumbuke. Jipya upande mmoja na kuukuu upande mwingine ni kufunga maksai na ndama kwenye nira moja.

"Unataka mjane wa kaka yangu anunue mavi ya popo?" akauliza Masanja.

Mama Kabula akanigeukia. "Fundi, likianguka kule juu, nani atakuwa amelikalia?"

"Mimi, mama."

"Basi chagua wewe."

Tukabeba ya popo. Muuzaji akatupatia kitambaa cha kufutia, bure, kwa huzuni.

Sasa vijana, tairi ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni uzito. Tairi jepesi juu ya utelezi linalamba tu, haliumi. Dawa yake ni maji. Unainua trekta kwa jeki, unazungusha gurudumu mpaka vali iwe juu kabisa, unatoa kile kisindano cha ndani, unafunga mpira wa bomba kutoka kwenye dumu lililowekwa juu zaidi, na maji yanashuka yenyewe ndani ya tyubu. Kila baada ya muda unaufungua mpira, hewa itoke, kisha unaendelea. Maji yakifika usawa wa vali unasimama. Pale juu panabaki nafasi ya upepo, unaujaza kidogo. Uzito unakuwa chini, kwenye magurudumu, unapohitajika, na trekta halipinduki ovyo.

Tatizo ni kwamba ilikuwa mwisho wa kiangazi. Mito ilikuwa mchanga, na kijiji kizima kilitegemea bomba moja la kupampu kwa mkono. Sheria ya pale bombani ilijulikana na wote: kila mtu ndoo moja, ukitaka ya pili unarudi mwisho wa foleni. Mgonjwa anapishwa. Mwingine yeyote, hata angekuja na king'ora, anapanga foleni. Msimamizi alikuwa mama mmoja mnene wanayemwita Mwenyekiti, aliyekaa juu ya dumu na fimbo ndogo ambayo sikuwahi kuiona ikipiga mtu wala kuwekwa chini.

Nikafika na trekta, nikaomba maji ya tairi.

"Maji ya nani?"

"Ya tairi, Mwenyekiti."

"Lina homa?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Nikaeleza habari ya uzito. Mwenyekiti akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Sawa. Tairi ni mtu mmoja. Lipange."

"Lakini yako mawili," akasema Mama Kabula haraka.

"Basi watu wawili. Na kila moja liwe na ndoo yake. Sitaki mtu achangie ndoo na tairi."

Tukapanga. Ndoo moja, nyuma ya foleni. Ndoo nyingine, nyuma ya foleni. Mama mmoja akamuuliza mwenzake kwa sauti ya kutosha: "Hivi likishashiba litacheua?" Mwingine akasema yeye mume wake ndivyo alivyo, anakunywa kutwa na mlimani hapandi. Ilipofika jioni tairi la kwanza lilikuwa nusu. Siku ya pili watu walianza kututia moyo. Siku ya tatu watoto wakimaliza zamu zao wanatumwa na mama zao kulichotea tairi, na Mwenyekiti akajifanya anaangalia upande wa pili. Nimefanya kazi na mitambo ya kujazia maji yenye injini na vipimo. Hakuna iliyonifunza kujua uzito wa tairi kama kulibeba lote kichwani mwa kijiji.

Masanja alipita akaona trekta limesimama, nimetoa upepo mpaka tairi limefanya shavu kidogo chini, kama mtu anayetafuna karanga. Ndivyo linavyotakiwa liwe shambani. Linatanuka, kashata nyingi zaidi zinagusa udongo. Barabarani unaurudisha upepo, na usipunguze kupita kiasi maana ringi itazunguka ndani ya tairi na kukata vali. Lakini huku kwetu tairi linapimwa kwa teke. Likilia kama ngoma, zima. Masanja akalipiga teke, likanyamaza.

"Shemeji," akasema, "trekta lako limechoka kabla ya kazi."

Mvua ya kwanza ilianguka usiku na mchana. Kulipokucha siku iliyofuata tukaenda mlimani. Masanja alikuwa amefika kabla yetu na maksai wake sita, nira na minyororo tayari. "Nimekuja kusaidia," akasema, akakaa juu ya jiwe kama mtu aliyekata tiketi.

Nilikuwa nimepanua magurudumu ya nyuma kwa kugeuza ringi, trekta lisimame kwa miguu mipana. Nikaweka gia ndogo, mafuta kidogo, nikateremsha plau. Kosa la wengi ni kukanyaga mafuta kwa hofu. Tairi likizunguka haraka halina muda wa kuuma. Tukapanda taratibu kama kinyonga. Pale katikati, penye utelezi mbaya, nililisikia linasita, likateleza kiasi cha unyayo mmoja. Nilisikia mtu akisema "Aa!" na hadi leo sijui kama nilikuwa mimi. Kisha likauma, likatema bonge la tope nyuma, likaendelea. Nilipogeuka kule juu nikaona mstari mwekundu umenyooka nyuma yangu, na chini yake Mama Kabula amekaa chini kwenye matope, amefunika uso kwa kanga. Wake wa Masanja walikuwa wanapiga vigelegele. Mume wao akawaangalia, wakapunguza sauti lakini hawakuacha.

Kabla ya wiki kuisha shamba lote lilikuwa limelimwa na mbegu zimefukiwa.

Mkidhani habari imeishia hapo, hamjawahi kuwa na ndugu. Trekta liliposhindwa kuzaa lilikuwa chuma cha mjane. Lilipopanda mlima likageuka. Masanja akaitisha kikao kingine, akasema amefurahi sana kuona trekta la ukoo linafanya kazi. Trekta la ukoo! Ng'ombe waliouzwa walikuwa wa marehemu, marehemu alikuwa wa ukoo, kwa hiyo trekta nalo. Mwenyekiti wa kitongoji akasema hilo ni suala la familia, akaomba maji ya kunywa. Kesho yake asubuhi Masanja akalichukua na dereva wake, wakalime mteremko wa kwake, uliopakana na wetu.

Dereva yule alikuwa na akili, tatizo lilikuwa mahali alipoipeleka. Alilitazama trekta akasema: mnyama gani anapanda mlima, mbuzi au kiboko? Mbuzi. Kwa nini? Mwepesi. Akafungua vali, akamwaga yale maji yote tuliyoyapangia foleni, akajaza upepo mpaka tairi likalia ngoma kwa teke. Masanja akaridhika sana na ule mlio.

Mchana mtu akaja mbio nyumbani kwa Mama Kabula. Nilikuwepo, namenya karanga pamoja naye. Trekta limeteleza ubavu, limegota kwenye kichuguu, gurudumu moja linaning'inia, dereva amekimbia. Hakuna aliyeumia. Maksai wamefungwa kulivuta, nao wanateleza.

"Trekta la nani?" akauliza Mama Kabula, akiendelea kumenya.

"La ukoo."

"Basi ukoo ukalivute."

Yule mtu akaondoka. Baada ya muda akaja Masanja mwenyewe, tope mpaka magotini, kofia hana.

"Shemeji, mwambie fundi wako aje. Kile kichuguu kikiachia, litaviringika mpaka mbugani."

"Si mna dereva?"

"Shemeji, tusibishane sasa."

"Sibishani. Nauliza tu ili fundi ajue anaenda kuokoa mali ya nani. Wito wa mtu mmoja ni tofauti na wito wa ukoo. Ukoo una mikono mingi."

Masanja akanitazama. Mimi nikatazama karanga. Akashusha pumzi. "Sawa. Ni lako."

"Hapa tuko watatu. Twende ukaseme kule kwenye watu."

Tukaenda. Nusu ya kijiji ilikuwa imekusanyika mlimani, mwenyekiti wa kitongoji yumo, wale wake wawili wamo, mvua ndogo inanyesha. Trekta limelala kwa kichuguu kama mlevi kwa ukuta. Nikaangalia lilipoelemea, nikajua linaokoka, ila likirudishiwa uzito na kutolewa upepo kabla ya kuguswa na ng'ombe yeyote. Maji safari hii yalikuwa yanapita yenyewe kwenye mfereji chini ya miguu yetu. Nikamwambia Mama Kabula. Akaitikia kwa kichwa, lakini hakuniambia nianze.

Masanja akapanda juu ya tuta. "Ndugu zangu," akasema, "mimi kama mkubwa wa ukoo natamka mbele yenu. Hili trekta si la ukoo. Ni la Mama Kabula."

"Kabula bado hajaota meno ya utu uzima," akasema Mama Kabula. "Hana trekta. Nimenunua mimi. Tamka jina langu."

Masanja akafungua mdomo. Ukabaki wazi. Mvua ikaendelea. Alimjua tangu siku alipoletwa, alishiriki kuhesabu mahari yake, alikula kwake misimu isiyo na idadi. Akateremka kwenye tuta, akanisogelea, akaninong'oneza: "Fundi, hivi anaitwa nani?"

Na mimi, vijana wangu, niliyeweza kuwaambia umri wa tairi kwa kunusa, nikakuta sijui. Nikamwuliza mwenyekiti wa kitongoji kwa macho. Naye akawa anakagua mawingu.

Ni wale wake wawili waliosema, kwa pamoja, kutoka nyuma ya watu: "Milembe!"

"Trekta ni la Milembe," akasema Masanja.

"Hawajasikia wa kule chini," akasema Milembe.

Masanja akarudia kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, mpaka maksai wakageuza masikio. Milembe akafunga kanga kiunoni, akashika ndoo.

"Haya fundi, toa upepo."

Nikapiga magoti kwenye tope, nikafungua vali.